Mtoko wa Elfu Ishirini: Namna ya Kuifaidi Dar es Salaam Bila Kukopa

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: nina elfu ishirini, mke na watoto wawili, Jumamosi imefika, niwapeleke wapi hapa Dar? Wengine wana elfu kumi na mchumba anayesubiri kupigiwa simu. Wengine ni wanachuo waliochangishana na hawataki kuumaliza mchango wote kwenye bajaji. Mtaani majibu ni mawili tu. La kwanza ni kwenda kuzunguka kwenye maduka makubwa, ambako watoto watatazama vitu msivyoweza kununua. La pili ni kubaki nyumbani na televisheni. Yote mawili yananiuma, kwa sababu mji huu una bahari, historia, misitu na watu, na sehemu kubwa ya hayo ni bure au inapatikana kwa bei ya soda.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote: mahali penyewe mara chache ndipo panapomaliza hela. Hela huishia kwenye nauli ya kurukaruka kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, kwenye maji ya chupa yanayonunuliwa kila baada ya nusu saa, na kwenye njaa ya saa nane mchana inayowakuta mahali penye mgahawa mmoja tu, tena wa ghali. Ukiziba mianya hiyo mitatu, elfu ishirini inatosha familia ya watu wanne na chenji inabaki.

Kabla hamjatoka mlangoni

Mtoko wa bei nafuu hutengenezwa jioni ya siku iliyotangulia. Fanya haya:

- Chagua upande mmoja wa mji. Leo ni Posta na Feri, au ni Coco na Masaki, au ni Mwenge na Mlimani. Usichanganye pande mbili kwa siku moja. Foleni itawala saa mbili, na hasira zitaanza ndani ya daladala.
- Beba maji kutoka nyumbani. Yagandishe usiku ili yawe baridi hadi mchana. Kwa joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mtu mzima mmoja anamaliza chupa kubwa bila kujua.
- Kuleni kabla ya kutoka. Chai nzito ya asubuhi, yenye viazi, mihogo au chapati, inaokoa elfu tano.
- Tenganisha hela. Nauli ya kurudi iwe mfuko wake, na isiguswe hata muuza aiskrimu akipiga kengele mara kumi.
- Chukua kitambulisho. Makumbusho na hifadhi nyingi zina bei ya Mtanzania na bei ya mgeni, na tofauti yake ni kubwa.
- Weka salio kwenye N-Card kama unayo. Inatumika Feri na kwenye viwanja vya mpira, na inakuepusha na foleni ya dirishani.

Hesabu ya mfano kwa baba, mama na watoto wawili wa shule, kwa gari moja kwenda na moja kurudi: kwa nauli ya safari fupi ya daladala ya 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi, kwenda na kurudi ni 3,200. Mkivuka Kigamboni kwa nauli ya 200 kila mmoja, kwenda na kurudi ni 1,600. Vitafunwa na madafu, 10,000. Jumla 14,800. Zinazobaki, 5,200, ni za dharura: mvua, mtoto aliyechoka, kandambili iliyokatika. Kumbuka tu kwamba Jumapili makonda wengi hawamkubali mtoto asiye na sare kwa nauli ya mwanafunzi. Beba kitambulisho chake cha shule, au hesabu kabisa nauli ya mtu mzima usije ukagombana na konda njiani. Na kama mnatoka mbali, Mbagala au Gongo la Mboto, nauli itapanda kidogo, kwa hiyo punguzeni upande wa vitafunwa.

Posta kwa miguu

Huu ndio mtoko ninaoupendekeza kwa mtu wa mara ya kwanza, na ndio unaodharauliwa kuliko yote. Watu wanakwenda Posta kila siku kutafuta riziki, lakini wangapi wameinua macho?

Nenda Jumamosi asubuhi. Jumapili mitaa mingi ya katikati ya mji inakuwa mitupu, maduka yamefungwa, na mitaa mitupu si mizuri kwa mtu aliyeshika simu mkononi. Panda mwendokasi hadi Kivukoni, kituo cha mwisho. Fika saa mbili na nusu au saa tatu, kabla jua halijawa kali. Kisha mfuate njia hii:

1. Soko la samaki la Feri. Lipo karibu kabisa na kituo. Asubuhi ndiyo saa yake: mitumbwi na ngalawa zimeshafika, mnada unaendelea, na watoto wataona pweza, taa, changu na nguru wakiwa wazima wazima. Vaeni viatu vya kufunga, sakafu imelowa. Msinunue samaki sasa hivi, mtatembea nao mji mzima wakioza.
2. Barabara ya Kivukoni, mkiwa na bahari kushoto. Mtalikuta Kanisa la Azania Front, la Walutheri, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, lenye vigae vyekundu na mnara wake. Mbele kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kama hakuna ibada, ingieni kimya, mkae dakika kumi kwenye ubaridi. Wavulana wavue kofia.
3. Boma la Kale. Limesimama tangu miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Zanzibar, ambaye ndiye aliyeanza kuujenga mji huu palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Angalieni milango na kuta zake za mawe ya matumbawe. Mtoto anayejifunza historia shuleni atashika kwa mkono ukuta uliokuwepo kabla Mjerumani hajafika.
4. Sanamu ya Askari. Pandeni hadi mtaa wa Samora. Sanamu hii ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wetu walichukuliwa kwenda kubeba mizigo na kufa katika vita isiyowahusu. Mweleze mtoto hivyo, ataelewa.
5. Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Fuateni Samora kuelekea upande wa bahari. Bustani ilianzishwa na Wajerumani, na miti yake mingi imeandikwa jina. Pumzikeni hapo, kunyweni maji yenu. Makumbusho yako jirani, mtaa wa Shaaban Robert, na milango yake ilifunguliwa mwaka 1940.

Makumbusho ya Taifa yanahitaji saa mbili, msiyapitie mbio. Humo mna habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilivumbua Olduvai mwaka 1959. Mna magari yaliyotumiwa na viongozi, likiwemo kundi la magari ya zama za Mwalimu Nyerere ambapo watoto wa kiume hawataki kutoka. Pia kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Kama una mtoto mdogo, mwandae kwanza kabla ya kumfikisha hapo.

Kosa la kawaida hapa ni kuingia makumbusho mkiwa na njaa. Kuleni kwanza. Nyuma ya mitaa mikubwa ya Posta mama lishe wapo kwa wingi siku za kazi na Jumamosi hadi mchana, na sahani ya wali maharage na mboga yao ni nusu, wakati mwingine robo, ya bei ya mgahawa wenye viyoyozi ulio hatua hamsini tu mbele.

Onyo moja zito: eneo la Magogoni lina Ikulu, bandari na vyombo vya ulinzi. Picha pigeni makanisani kwa nje, bustanini, kwenye sanamu. Msielekeze simu kwenye Ikulu, kwa askari wala kwenye meli za kijeshi. Kelele za "nilikuwa najipiga selfi" hazisaidii kituoni.

Kuvuka Kigamboni

Kwa shilingi 200 mtoto wako anapanda chombo, anaona meli kubwa za mizigo zikiingia mlango wa bandari, na anaona mji wake kutoka majini, maghorofa yote yamejipanga mbele yake. Mkazi wa Kigamboni anayevuka kila siku kwenda kazini atashangaa kusikia hii ni starehe. Mwenye mtoto wa miaka sita wa Kimara anajua ninachosema.

Namna ya kuufanya vizuri:

- Epukeni asubuhi ya siku za kazi na jioni kuanzia saa kumi na moja. Msongamano wa saa hizo si wa kupeleka watoto. Jumamosi au Jumapili kati ya saa nne na saa nane ni afadhali.
- Geti likifunguliwa, msikimbie. Watu hukimbilia nafasi na watoto huangushwa. Acheni wimbi la kwanza lipite, na kama chombo kimejaa, subirini kingine.
- Mshike mtoto mkono, kamwe asipande kwenye kingo.
- Mkiwa ndani simameni upande wenye kivuli. Ulizeni mapema maboya ya kujiokolea yako wapi.

Ng'ambo mna chaguo mbili. Ya kwanza ni kubaki karibu na kivuko: kuna pweza na supu yake, mihogo, samaki wa kukaanga, madafu, na mnaweza kukaa saa nzima mkitazama vyombo vikivuka. Ya pili ni kwenda ufukweni kwa daladala au bajaji. Hapa ndipo hela hupotelea. Fukwe nyingi zenye hoteli hutoza kiingilio, baadhi hukigeuza kuwa kuponi ya kinywaji au chakula, na nyingi haziruhusu kuingia na chakula chenu. Ulizeni getini maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi: kiingilio ni kiasi gani, mtoto analipa, na hela hiyo inarudi kwa chakula au hairudi? Kama jibu halieleweki, geukeni. Na dereva wa bajaji patanani naye bei kabla hamjakaa, ya kwenda peke yake, kisha mtafute nyingine wakati wa kurudi. Dereva anayeahidi "nitawasubiri hapa hapa" anahesabu muda.

Coco, na saa ya maji

Coco Beach kila mtu anaijua, na mihogo yake ya kukaanga yenye chachandu, ndimu na pilipili haihitaji utangulizi. Ufukwe ni wa wote na hauna kiingilio. Lakini watu wengi wanarudi wakinung'unika kwamba walikuta mawe na majani ya baharini, maji yako mbali. Waliikosea saa ya maji.

Mvuvi yeyote atakueleza: bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kwa pwani yetu kanuni ni hii:

- Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana karibu na saa nne au tano asubuhi, kisha hujaa sana karibu na saa kumi au kumi na moja jioni. Ukitaka kuogelea jioni, hizi ndizo siku zako.
- Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hujaa asubuhi saa nne hivi na kupwa jioni, tena bila kwenda mbali wala kupanda sana.

Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kupanga. Mkitaka kuwaonyesha watoto kaa, kome na samaki waliobaki kwenye vidimbwi vya mawe, nendeni bamvua asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mkiwa na viatu, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba. Mkitaka mawimbi, nendeni jioni. Na ndani ya maji, mtoto asipite kiuno chake hata kama anajisifu kuogelea. Maji yanapoanza kutoka kuna mkondo unaovuta, na kila sikukuu ya Idi na Pasaka familia fulani hulia ufukweni.

Ukiwa upande huo, usikose kijiji cha wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, barabara ya Haile Selassie. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960, kwa rangi za enamel na vipande vya ubao. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji bado wamekaa chini na brashi zao, na kuwatazama ni bure. Salimieni kwanza. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa sababu kazi zao zinaigwa na hilo linawauma. Kama mtoto ana kipaji cha kuchora, mruhusu akae hapo saa nzima, amwone mtu anayeendesha maisha kwa tembo na ndege wa rangi.

Jioni malizieni kwenye Daraja la Tanzanite, linalounganisha Oysterbay na upande wa hospitali ya Aga Khan juu ya bahari. Lilianza kutumika mwaka 2022, urefu wake ni zaidi kidogo ya kilomita moja, na lina njia ya watembea kwa miguu. Saa kumi na mbili kasoro, upepo wa bahari, taa zinaanza kuwaka: kwa wachumba hakuna mgahawa unaoshinda hapo. Simu iwe mfukoni mwa ndani. Pikipiki inayopunguza mwendo nyuma yenu, simameni upande wa ukingo na muiache ipite. Giza likishaingia vizuri, ondokeni.

Mwenge, Makumbusho, Mlimani

Upande huu unawafaa wanaotaka kivuli na utulivu. Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilianzishwa miaka ya 1960, na ndicho kilichokipa kituo cha daladala jina lake. Ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: ya Wahaya ya nyasi iliyofika chini, ya Wagogo ya tembe, na nyinginezo. Mtoto aliyezaliwa Sinza, ambaye kijijini kwa babu amekwenda mara moja, ataingia kwenye nyumba ya kabila lake na kuuliza maswali utakayoshindwa kuyajibu. Mpigie bibi simu pale pale, amjibu mwenyewe. Mara kwa mara kuna ngoma mchana, na hufanyika pia tamasha la utamaduni wa jamii moja iliyochaguliwa. Ulizeni getini ratiba.

Kutoka hapo hadi soko la vinyago Mwenge ni safari fupi. Kuangalia ni bure, na mafundi wanaochonga mpingo hawachoki kueleza. Usimwulize mtu bei ya kitu usichokitaka, mtapotezeana muda.

Kisha Chuo Kikuu, Mlimani. Watu hudhani ni pa wanachuo tu. Panda gari la Chuo, shuka, tembea chini ya miti mikubwa, mtazame Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500. Tumbili wapo, msiwalishe, na mifuko ya chakula fungeni. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili anayesuasua, kutembea humo mchana mmoja kumesaidia kuliko mihadhara mingi ya wazazi. Nimeona zaidi ya mmoja akirudi nyumbani na kufungua daftari.

Mpira, maktaba na mengine madogo

Uwanjani, tiketi ya mzunguko ndiyo ya bei ya chini. Kwa mechi zisizo za Simba na Yanga, kwenye viwanja vya KMC Mwenge au Chamazi, nafasi zipo na fujo hakuna. Derby ya Kariakoo, Simba na Yanga zinapokutana, si mtoko wa familia yenye mtoto wa miaka mitano, hata kama baba anatamani. Mechi za ndondo za mtaani, kwenye viwanja kama Kinesi, zina raha yake na gharama yake ni karanga.

Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Siku ya mvua za masika, hapo ndipo pa kukimbilia. Nafasi Art Space, Mikocheni, ina maonyesho ya sanaa, mengi ya bure. Na mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai kuna Sabasaba, barabara ya Kilwa: nendeni siku ya kazi asubuhi, si tarehe 7 yenyewe, vinginevyo mtatazama migongo ya watu.

Makosa yanayorudiwa kila wikiendi

- Kutoka saa saba mchana. Mnafika na jua kali, mnakunywa hela yote, na giza linawakuta njiani.
- Kumwahidi mtoto kila kitu. Mwambieni kabla ya kutoka: leo kuna kitu kimoja cha kununua, achague mwenyewe. Atakitafuta siku nzima na hatalia kwa kila kibanda.
- Kutokubaliana mahali pa kukutania. Mkifika tu, onyesheni: "Tukipoteana, tunakutana kwenye mti ule." Karatasi yenye namba ya simu ya mzazi iwe mfukoni mwa kila mtoto. Siku za sikukuu, polisi na watangazaji wa Coco hushinda wakitafuta wazazi wa watoto waliopotea.
- Kupanda bodaboda watu watatu na mtoto mbele ya tangi. Hiyo elfu moja mnayookoa haina thamani yoyote. Tembeeni, au subirini gari.
- Kula kwa kuangalia wingi wa rangi. Kibanda chenye watu wengi kinapika upya mara kwa mara. Kachumbari iliyokaa juani tangu asubuhi iacheni, na juisi ya miwa ulizeni barafu yake imetoka wapi.

Mnayonipinga

*"Mpenzi wangu ataona sina hela."* Kaka, mpeleke Posta kwa miguu, mweleze majengo, mnunulie madafu, umalizie na upepo wa Tanzanite. Aliyepangiwa siku nzima kwa uangalifu anajua kuwa amethaminiwa. Kama kipimo chake ni bei ya sahani tu, ni heri umejua mapema. Ila usimdanganye kuwa mnakwenda hotelini halafu ukamshusha Feri amevaa viatu virefu. Mwambie mavazi.

*"Mimi nakaa Chanika, Mbezi, Bunju. Nauli tu itanimaliza."* Ni kweli, na mji umepanuka kuliko mipango yake. Wa Chanika na Gongo la Mboto wana milima ya Pugu na msitu wa Pugu Kazimzumbwi, wenye njia za kutembea na mapango ya popo. Lipieni getini na mwende na mwongozaji, msiingie porini wenyewe. Wa Bunju wana Kunduchi na magofu yake, na Bagamoyo haiko mbali nanyi.

*"Mbona hujataja visiwa?"* Mbudya na Bongoyo ni vizuri kwelikweli, na ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Ila boti pamoja na kiingilio vinazidi elfu ishirini kwa familia. Changishaneni watu kumi, mpatane boti nzima Kunduchi, mbebe chakula, muulize maboya ya kuvaa kabla ya kulipa. Boti isiyo na maboya ya kutosha watu wote, msipande.

*"Watoto wangu wanataka bembea na maji ya kuteleza tu."* Wapelekeni mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa. Siku nyingine waache wachoke kwa kukimbia mchangani. Watoto wanaolalamika saa ya kwanza ndio wasiotaka kurudi saa ya nne.

Mkiwa na zaidi kidogo

Mara moja moja, mkitoka kwenye mshahara au mavuno ya kikoba, kuna mitoko miwili ya kutoka nje ya mji na kurudi siku hiyo hiyo.

Morogoro kwa treni ya SGR. Safari za abiria zilianza Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliwekwa 13,000 kwa mtu mzima. Mwendo ni chini ya saa mbili. Kateni tiketi siku kadhaa kabla, wikiendi hujaa. Fikeni stesheni saa nzima mapema na vitambulisho, kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo tengeni nauli ya kwenda mjini. Huko kuna Soko la Chifu Kingalu, matunda ya Uluguru, na hewa. Tiketi ya kurudi ikateni pamoja na ya kwenda, msiseme "tutapata huko huko".

Bagamoyo kwa basi dogo. Ni kilomita kama 70. Magari yapo kituo cha Makumbusho. Mji Mkongwe, Boma la Wajerumani, misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868 iliyopokea watu waliokombolewa utumwani, na magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13: yote yanawezekana kwa siku moja mkianza saa moja asubuhi. Kaole iko kilomita kadhaa kutoka mjini, patana bajaji ya kwenda, kusubiri na kurudi, kwa sababu huko kupata usafiri ni shida. Mwongozaji awe wa ofisi ya mambo ya kale, mwenye kitambulisho, na risiti idaini. Mchana kuleni samaki sokoni karibu na ufukwe, bei ni ya wenyeji kama mtauliza kabla ya kukaa. Mkishuka tu stendi asubuhi, kabla ya kwenda popote, mwulizeni konda gari la mwisho la kurudi Dar linaondoka saa ngapi, kisha pangeni kupanda la saa moja kabla yake.